Moyenne ya Papa Casimir

Katika nyumba ya Casimir, kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, wasichana walikuwa watano na kioo kilikuwa kimoja. Kila asubuhi palikuwa na foleni. Mdogo alipita mbele kwa kulia, mkubwa alipita kwa mabega. Aliyechelewa alichana nywele akijitazama kwenye kifuniko cha sufuria, kisha akaenda shuleni akiamini kwamba ana mashavu kama mandazi.

Casimir alikuwa fundi katika karakana ya wagoni, yaani mabehewa ya treni. Siku hizo alifanya kazi poste ya asubuhi, yaani zamu ya kwanza, na alirudi nyumbani saa tisa mchana. Alikuta kamba ya nguo imejaa sketi za bluu na blauzi nyeupe. Suruali ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake. Ndiyo maana alitaka sana mtoto wa kiume. Mke wake, Berthe, alikuwa na mimba ya miezi saba, na Casimir alikuwa ameshaitangazia karakana nzima: "Ya sita, mwanaume. Haina discussion."

Siku moja mwanzoni mwa Julai, binti yake mkubwa alirudi na bulletin, karatasi ya matokeo ya shule. Huyu alikuwa Marceline, wa miaka kumi na minane. Kwa kawaida kicheko chake kilifika nyumbani kabla ya miguu yake. Siku hiyo miguu ilifika peke yake. Alimpa baba yake bulletin, kisha akaenda kusimama mlangoni, upande wa kutokea.

Casimir alisoma kwa sauti. "Français, kumi na tatu. Muzuri. Histoire, kumi na mbili. Religion, kumi na saba. Mathématiques..." Aliisogeza karatasi mbali na macho. Akairudisha karibu. Namba haikubadilika. "Sita. Sita kwa makumi mbili?"

"Iko repêchage, Papa, mtihani ya kurudia. Mwisho ya mwezi ya munane," alisema Marceline. "Mwalimu wetu, Citoyen Mathieu, alisema itakuwa statistiques na probabilités tu. Pale njo nilianguka."

"Na ukianguka tena?"

Nyumba nzima ilijua jibu. Marceline alikuwa amerudia mwaka wa nne, na shule yao haikumkubali mtu kurudia mara mbili. Akishindwa mtihani huo, hapandi mwaka wa sita, na diploma ataisikia kwa majirani. Tena shangazi yake wa Kamatanda, mwenye mapacha, alikuwa ameshamtandikia kitanda. "Aje anikamatie batoto," alisema. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Lakini Marceline alitaka kushika kalamu, siyo mapacha wawili kwa mkono mmoja.

"Lete ile karatasi ya mtihani," alisema Casimir.

Swali la kwanza liliuliza hivi: wagoni tano zilibeba tani 20, 22, 30, 22 na 26. Tafuta moyenne, yaani wastani.

Marceline alikuwa ameandika 15. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika: "Hata wagoni ya mzigo mdogo ilibeba 20. Hii 15 ilitoka mgodi gani?"

"Ilitoka kwa Papa," alisema Bibiane. Bibiane alikuwa binti wa pili, wa miaka kumi na minne, na maneno yake hayakupiga hodi.

Alisema kweli. Siku moja kabla ya mtihani, Marceline alimwuliza baba yake moyenne ni nini. Casimir alisoma kwa Mapadri mpaka mwaka wa tano wa primaire. Hakuwa mtu wa kuacha swali lilale na njaa. Alijibu: "Moyenne njo nusu. Mtihani ya mia, moyenne iko makumi tano. Mtihani ya makumi mbili, moyenne iko kumi. Unakamata namba ya mukubwa, unaikata pa katikati." Basi Marceline alikamata wagoni kubwa, ile ya tani 30, akaikata.

"Na iko kweli," Casimir alijitetea. "Likasi nzima, muntu akipata nusu ya points, banasema eko na moyenne. Minye sikuvumbua ile neno."

Hapo pia hakusema uongo. Tangu mwaka wa kwanza Marceline alisikia hivyo: fulani ana moyenne, amepita, fulani hana moyenne, analia. Darasani mwao walikuwa wengi waliokata wagoni ile ya tani 30.

Jumamosi, Casimir aliamua kumfundisha binti yake yeye mwenyewe, kwa nguvu zaidi. Alichukua chaki. Ubao hawakuwa nao, kwa hiyo aliandika kwenye mlango wa choo: MOYENNE = NUSU. Alikuwa akipigia mstari neno la mwisho wakati jirani yao alipoingia uani.

Jirani huyo alikuwa Mama Albertine. Alifanya kazi kwenye kilo. Kilo ni pale akina mama wanapopeleka watoto wachanga kupimwa uzito. Alikuja kuangalia hali ya Berthe, lakini macho yake yalikwama mlangoni.

"Papa Marceline," alisema, "hii choo yako inadanganya batoto ya bantu."

"Karibu, Mama Albertine. Kaa. Lakini hii iko hesabu ya wagoni. Weye unapima batoto."

"Wagoni na mutoto, njo kazi moja. Unamupandisha pa kilo, unaandika. Mwisho ya mwezi docteur anaomba moyenne ya uzito. Siku nitamupelekea nusu ya mutoto mukubwa, atanirudisha kwetu."

Berthe, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, alicheka mpaka akashika tumbo. Casimir aliweka chaki mfukoni. Aliiweka polepole, ili ionekane kwamba amechoka tu.

"Berthe, iko kalanga?" aliuliza Mama Albertine.

Karanga zilikuwapo. Mama Albertine aliwaita wasichana wote watano, kila mmoja na sahani yake. Akawagawia bila kuhesabu, kisha akamwambia Marceline ahesabu na kuandika. Marceline mwenyewe alikuwa na nne. Bibiane alikuwa na tisa, maana alikuwa Bibiane. Wadogo walikuwa na mbili, saba na tatu.

"Sasa mwangeni zote mu beseni."

"Hata zangu?" aliuliza Bibiane.

"Zako njo za kwanza."

Walizimwaga. Marceline alijumlisha: nne, tisa, mbili, saba, tatu. Jumla ishirini na tano.

"Ziko kalanga makumi mbili na tano. Bantu bako batano. Gawanya sawasawa, hakuna mwenye kupita mwenzake."

Kila sahani ilipata tano.

"Ile tano njo moyenne," alisema Mama Albertine. "Unakusanya yote, unagawanya kwa hesabu ya bantu. Hapana kukata mukubwa. Sasa niambieni. Mbele ya kumwanga, nani alikuwa na tano?"

Waliangaliana. Hakuna aliyekuwa na tano.

"Njo vile. Moyenne inaweza kuwa namba yenye hakuna muntu alikuwa nayo. Lakini kamwe haiwezi kushuka chini ya mudogo, wala kupanda juu ya mukubwa. Haitapita tisa. Haitashuka pa mbili."

Marceline aliweka sahani yake chini. Kisha alikwenda kwenye mlango wa choo, akatoa chaki mfukoni mwa baba yake bila kuomba, akaandika: 20 + 22 + 30 + 22 + 26 = 120. Akagawanya kwa 5. Akapata 24.

"Iko juu ya 20," alisema. "Iko chini ya 30." Aligeuka. "Kumi na tano ilikuwa chini ya wagoni yote. Ningeangalia tu, ningeona."

"Kwa hiyo Likasi nzima inasema vibaya?" aliuliza Casimir. Jambo hilo lilimwuma bado.

"Hapana. Neno iko moja, kazi ziko mbili. Ku bulletin, moyenne njo mupaka ya kupita. Mu hesabu, moyenne njo kugawanya sawasawa. Kama vile weye: ku kazi banakuita chef, hapa mu nyumba..." Mama Albertine alimtazama Berthe, akaacha sentensi bila mkia.

Kuanzia siku hiyo, Marceline alikwenda kwa Mama Albertine kila alasiri, na daftari lake. Alijifunza médiane: unazipanga namba kutoka ndogo mpaka kubwa, unachukua ya katikati. Wagoni zile zikipangwa zinakuwa 20, 22, 22, 26, 30. Ya katikati ni 22. Bibiane aliambiwa ajipange na dada zake kwa urefu, akamwonyesha wa katikati kwa fimbo kama mwalimu, akasema, "Huyu njo médiane yetu." Msichana alilia. Alidhani ametukanwa.

Mode nayo ilimpa Marceline shida, kwa sababu kwenye kitabu ilielezwa kwa mistari minne mirefu.

"Funga ile kitabu," alisema Mama Albertine. "Mode ya nguo unaijua?"

"Naijua."

"Banaume sasa banavala nini?"

"Abacost."

"Juu ya nini unasema abacost iko mode?"

"Juu ya... banaume mingi banaivala."

"Basi. Mu namba iko vilevile. Ile yenye inatokea mara mingi njo mode."

Marceline alitazama wagoni zake. Ishirini na mbili ilitokea mara mbili, nyingine mara moja moja. "Ishirini na mbili imevaa abacost," alisema, na kicheko chake kikarudi.

Lakini probabilités, hesabu za uwezekano, zilikuwa bado. Na huko, baba yake alikuwa tena njiani, amekaa katikati.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti. Mama Albertine alikuja kumpima Berthe. Tumbo lilikuwa kubwa, na Casimir alikuwa na furaha ya mtu anayejua matokeo ya mechi kabla ya kuchezwa.

"Mwanaume," alisema. "Niko hakika mia kwa mia."

"Nani alikuambia?" aliuliza Mama Albertine.

"Kazi iliniambia. Ku kazi, poste ya asubuhi ikiisha, inaingia poste ya mchana. Hakuna wa kutumika poste moja siku zote. Banamuke balisha kutumika yabo, mara tano. Sasa iko poste ya banaume."

Marceline aliacha kuandika. Ilimwingia akilini vizuri kabisa. Hata yeye, katika mtihani wa kwanza, alijibu hivyo hivyo swali la sarafu.

"Papa Marceline," alisema Mama Albertine, "tumbo haina chef de poste."

Berthe alisema, "Mwambie, mama. Minye nilichoka kumwambia."

Mama Albertine alitoa sarafu ya likuta moja. "Hii iko na pande mbili. Tukirusha, inaweza kuanguka namna ngapi?"

"Mbili," alisema Marceline.

"Unataka kichwa. Kichwa iko pande ngapi?"

"Moja."

"Andika: yenye unataka juu, yote yenye inawezekana chini. Moja juu ya mbili. Ile njo probabilité. Kintu chenye hakiwezi kufika, probabilité yake zéro. Kintu chenye kitafika tu, probabilité yake moja. Bingine yote inakaa katikati ya zéro na moja. Ukipata probabilité ya tatu, rudia hesabu, ulikosea."

"Na kichwa ikianguka mara tano?" aliuliza Marceline. "Ya sita?"

"Rusha."

Walirusha mara mia. Bibiane alirusha, Marceline aliandika. Kichwa kilitoka mara hamsini na tatu, upande wa pili mara arobaini na saba. Kisha Mama Albertine aliwaambia watafute mahali ambapo kichwa kilifuatana mara tatu, waone kilichokuja baadaye. Mahali pengine kilikuja kichwa tena. Mahali pengine upande wa pili. Hakukuwa na zamu yoyote.

"Likuta haiandike mu cahier ile imepita," alisema Mama Albertine. "Kila mara inaanza mupya. Na tumbo vilevile. Mu régistre yetu ku maternité, kwa miaka munane, nilitafuta bamama benye balizala banamuke batano kwanza. Nilipata kumi na tatu. Ya sita: sita balipata mwanaume, saba balipata mwanamuke."

Casimir alikuna kidevu. "Lakini banamuke batano wote, ile haifike kwa kila muntu."

"Haifike. Marceline, hesabu."

Marceline aliandika. Mtoto mmoja, njia mbili. Watoto wawili, njia nne. Watatu, nane. Wanne, kumi na sita. Watano, thelathini na mbili. Na njia ya wasichana watupu ilikuwa moja tu. "Moja juu ya makumi tatu na mbili, Papa."

Casimir alijinyoosha kwenye kiti. "Unasikia, Berthe? Niko muntu wa pekee."

"Ile ya batano ilisha kupita," alisema Mama Albertine. "Haurudie kuihesabu. Sasa unangojea mutoto moja. Moja juu ya mbili."

"Moja juu ya mbili," alisema Casimir. "Ile si nusu?"

"Iko nusu."

"Basi mwishowe hata minye nilisema kweli mahali fulani."

Wiki mbili baadaye, saa nne ya asubuhi, Berthe alijifungua salama pale maternité. Mtoto alikuwa na kilo tatu na nusu, na sauti ya kusikika Kamatanda. Alikuwa msichana. Walimwita Rosalie.

Kazini, wenzake walimngoja Casimir mlangoni kama kamati. Mmoja wao, Germain, aliuliza kwa adabu nyingi, "Chef, ile poste ya banaume, ilichelewa?"

"Ilikuwa moja juu ya mbili," alijibu Casimir. "Leta kartoni na chaki, nikufasirie."

Siku ile wagoni moja ilichelewa kutoka kidogo, kwa sababu mafundi sita walikuwa wakirusha sarafu.

Nyumbani alimshika Rosalie kwa mikono yake mikubwa yenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Alimtazama muda mrefu. "Huyu eko na kipaji ya uso kama yangu," alisema, na kwa maneno hayo jambo la mtoto wa kiume likapumzika.

Mtihani ulifika. Walikuwa wanafunzi tisa chumbani, kila mmoja na benchi lake. Citoyen Mathieu aligawa karatasi. Marceline alianza kusoma.

Swali la kwanza lilikuwa moyenne ya magunia. Alikusanya, akagawanya, akaangalia kama jibu liko kati ya dogo na kubwa. Lilikuwapo. La pili lilikuwa mode na médiane. Alizipanga namba kwanza. La tatu liliuliza: sarafu imeanguka kichwa mara sita, probabilité ya kichwa mara ya saba ni ngapi? Alisikia kijana wa benchi la mbele akinong'ona, "Ya saba haiwezi tena." Marceline aliandika: moja juu ya mbili.

La mwisho ndilo lililomfunga. Wanafunzi wanne wana moyenne ya 12. Watatu walipata 10, 11 na 13. Wa nne alipata ngapi?

Hakuwa amefundishwa hivyo. Kila mara alipewa namba zote, akatafuta moyenne. Hapa alipewa moyenne, na namba moja imefichwa. Lilikuwa swali la points sita. Alifikiria Kamatanda. Alifikiria mapacha, mmoja kila upande.

Kisha akajiuliza: moyenne inatoka wapi? Inatoka kwenye beseni. Kama watu wanne walipata 12 kila mmoja baada ya kugawanya, basi mle ndani mlikuwa na ngapi kabla ya kugawanya? Mara nne kumi na mbili: arobaini na nane. Watatu walileta 10, 11 na 13, yaani thelathini na nne. Zilizobaki zililetwa na wa nne.

Kumi na nne.

Alijumlisha tena kutoka mwanzo: 10, 11, 13, 14. Arobaini na nane. Gawanya kwa nne. Kumi na mbili. Aliweka kalamu chini.

Siku tatu baadaye, orodha ilibandikwa ukutani. Shuleni waliandikwa kwa majina ya asili, kwa hiyo alitafuta jina lake, Ngoie Monga. Alilipata mstari wa tatu. Kumi na sita kwa ishirini. Pembeni: anapanda mwaka wa sita. Alisoma mstari mzima mara mbili, kisha akausoma kwa kidole, ili kuhakikisha kwamba namba haikutoka kwenye mstari wa jirani.

Jioni walikula bukari, ugali wao, na samaki na sombe, na Mama Albertine alikalishwa kwenye kiti cha heshima, kile chenye miguu yote minne. Shangazi wa Kamatanda alikuwa ameshatumiwa habari: atafute msichana mwingine, huyu ana kazi. Casimir alikuwa na furaha kiasi kwamba alichukua penseli katikati ya chakula.

"Bon," alisema. "Sasa banamuke bako sita. Professeur Marceline, nijibu. Tukizala wa saba, probabilité ya mwanaume iko ngapi?"

Marceline alimeza tonge. "Moja juu ya..."

"Zéro," alisema Berthe.

Wote waligeuka. Berthe alikuwa akimnyonyesha Rosalie, ametulia kabisa.

"Zéro namna gani?" aliuliza Casimir. "Mama Albertine alisema moja juu ya mbili. Iko mu cahier."

"Ile ya cahier iko ya mama mwenye atazala. Minye sitazala tena."

Casimir alimtazama Mama Albertine. Mama Albertine alimtazama Marceline. Marceline aliwaza kama mtu aliye kwenye mtihani: kitu kisichoweza kutokea, jibu lake ni lipi?

"Papa," alisema, "Mama amepata points zote."

Casimir aliweka penseli nyuma ya sikio, akavuta bakuli la sombe karibu, akaendelea kula.